Filamu ya Skin: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wakiimaliza hii filamu huwa wanakuja na maswali yaleyale: ni kweli au imetungwa, mbona kuna Skin mbili, huyo jamaa yupo kweli, kwanini nimuonee huruma mtu kama yule. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa ninavyojua na ninavyoona mimi. Kama bado hujaiangalia na hutaki kuharibiwa utamu, soma maswali matatu ya mwanzo tu halafu rudi baadaye.

Skin inahusu nini?

Inamhusu Bryon Widner, Mmarekani mweupe ambaye wenzake wanamwita Babs. Uso wake umejaa tatuu za kibaguzi. Amelelewa ndani ya genge la skinhedi (vijana wanaonyoa vipara) wa Kinazi mamboleo, yaani wanaofuata itikadi ya Hitler hadi leo, na mzee mmoja na mkewe ambao yeye anawachukulia kama baba na mama. Anakutana na Julie, mama mwenye mabinti watatu ambaye naye ametokea kwenye hayo mazingira na ameshayachoka, na kuanzia hapo jamaa anaanza kutafuta njia ya kutoka. Shida ni kwamba genge halina mlango wa kutokea na uso wake unamtangaza kila anapokwenda. Ndo stori yenyewe. Ni drama ya kama masaa mawili, nzito, na haina sehemu ya kupumua.

Nani kaitengeneza na nani wamecheza?

Dairekta na mwandishi ni Guy Nattiv, Muisraeli aliyezaliwa Tel Aviv, mjukuu wa watu walionusurika mauaji ya Wayahudi Ulaya. Hilo mimi naliona muhimu kuliko tuzo zote, maana huyu ni mtu ambaye ukoo wake ulikuwa kwenye orodha ya kufutwa, halafu akaamua kukaa na kumsikiliza mtu aliyejichora swastika, ile alama ya Wanazi.

Babs amechezwa na Jamie Bell, yule Muingereza aliyekuwa mtoto mcheza dansi kwenye Billy Elliot ya mwaka 2000, na ukimwona humu hutaamini ni yeye. Julie ni Danielle Macdonald kutoka Australia. Vera Farmiga na Bill Camp ndio "wazazi" wa genge, na Mike Colter amecheza kama Daryle Lamont Jenkins, mwanaharakati mweusi ambaye kazi yake ni kuwafuatilia hawa watu.

Kuna Skin fupi na Skin ndefu, ni filamu moja au mbili?

Ni mbili tofauti kabisa, na hapa ndo watu wengi wanajichanganya. Ile fupi ni ya dakika kama 20 hivi, stori ya kutunga, inahusu baba mbaguzi anayempiga mtu mweusi nje ya supamaketi kwa sababu tu alimchekea mtoto wake, na yanayofuata baada ya hapo siyasemi. Hiyo ndiyo iliyoshinda Oscar ya filamu fupi mwezi Februari 2019. Ndefu haijashinda Oscar, msidanganyane.

Kwanini jina moja? Nattiv alitaka kutengeneza ile ndefu tangu mwanzo lakini watu wenye hela hawakutaka kuigusa mada yenyewe, kwahiyo yeye na mkewe Jaime Ray Newman, ambaye ni projuza, wakatengeneza fupi kwanza ili kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Danielle Macdonald yupo kwenye zote mbili ila ni watu tofauti anaowaigiza. Ndefu ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto Septemba 2018, ikapata tuzo ya wakosoaji wa kimataifa wa filamu, ikapita Berlin Februari 2019, na kampuni ya A24 ikaitoa kwenye majumba ya sinema Marekani Julai 2019.

Huyo Bryon Widner ni mtu wa kweli?

Ndiyo. Alikuwa skinhedi kwa miaka kama 16 na ni mmoja wa waanzilishi wa Vinlanders, kundi lililoanza mwaka 2003 na likawa na sifa mbaya ya vurugu hata miongoni mwa wabaguzi wenzao. Alishawahi kufungwa. Julie naye ni wa kweli, na yeye mwenyewe alikuwa mwanachama wa National Alliance, kundi lingine la hukohuko. Walikutana mwaka 2005 kwenye Nordic Fest huko Kentucky, mkusanyiko wa kila mwaka ambao wenyeji wake walikuwa tawi moja la Klan (Ku Klux Klan, kundi la zamani la wabaguzi weupe Marekani), na mwaka uliofuata wakaoana.

Kuna dokumentari juu yake inaitwa Erasing Hate, ya 2011, na huko utamwona mwenyewe, sura yake halisi, kabla na baada. Mimi nashauri uiangalie baada ya filamu na si kabla.

Ni kiasi gani cha filamu ni kweli?

Mifupa ni ya kweli, nyama zimeongezwa. "Wazazi" wa genge wametungwa, na stori imebanwa ili iingie kwenye masaa mawili na mji mmoja wa Ohio.

Ila kuna kitu kimoja kimebadilishwa na kinaniuma kidogo. Kwenye filamu, Jenkins ndo anayemfuata Babs, anamng'ang'ania, anampa namba, anamsubiri. Kwenye maisha halisi aliyemtafuta mwenzake ni Julie. Mumewe alikuwa amekwama, hapati kazi kwa sababu ya uso, wenzake wa zamani wanawatishia, na alikuwa amefikia hatua ya kutaka kujimwagia asidi usoni ili zile tatuu zitoke, yaani alikuwa tayari kabisa. Julie akaona akikaa kimya atampoteza mume, akamtafuta Jenkins, mtu mweusi ambaye watu wao walikuwa wanamhesabu kama adui namba moja. Jenkins angeweza kukata simu na hakuna ambaye angemlaumu. Hakukata. Akawaunganisha na T.J. Leyden, skinhedi wa zamani aliyetoka kabla yao, na huyo akawaambia waende kwa SPLC, taasisi ya wanasheria ya Montgomery, Alabama, ambayo inapambana na haya makundi kwa miongo mingi.

Hebu fikiria hiyo simu. Mwanamke aliyefundishwa maisha yake yote ya ukubwani kwamba mtu mweusi ni adui, anampigia huyohuyo kuomba msaada wa kumwokoa mumewe. Mimi ningeiweka kwenye filamu nzima nzima bila kuigusa.

Zile tatuu zilitolewaje, na ni kweli iliuma vile?

Iliuma zaidi. Kwenye filamu vipande vya hospitali vimepachikwa katikati ya stori: giza, taa ya leza, uso karibu kabisa, mlio wa mashine, ngozi inavimba. Nattiv hakuweka ile hospitali mwishoni kama zawadi, kaitawanya, kwahiyo unaona malipo kabla hujaona deni lote.

Kwa ukweli wenyewe: ilichukua operesheni 25 ndani ya miezi kama 16, kuanzia Juni 2009, kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Vanderbilt, Nashville, chini ya daktari Bruce Shack. Mwanzoni walijaribu kwa ganzi ya kawaida lakini maumivu yalizidi ikabidi awe analazwa kwa nusu kaputi. Gharama ilikuwa kama dola 35,000 na ililipwa na mwanamke mmoja mfadhili wa SPLC ambaye hakutaka jina lake lijulikane. Ila hakutoa bure bure, aliweka masharti: jamaa amalizie cheti cha kiwango cha sekondari, aende kwa mshauri nasaha, na asome chuo au ajifunze fani. Huyo mama simjui na sitamjua ila namheshimu sana, kwa sababu alielewa kwamba ngozi safi bila kazi na bila akili iliyotulia ni kumrudisha mtu kulekule.

Na kwa wanaouliza leza inafanyaje kazi: mwanga unapigwa kwa mapigo mafupi sana, wino chini ya ngozi unalichukua lile joto na kupasuka vipande vidogo vidogo, halafu seli za kinga za mwili ndo zinavibeba taratibu kwa wiki kadhaa. Ndo maana haiwezi kuwa siku moja, unapiga, unasubiri mwili ufanye kazi yake, unapiga tena palepale. Wino mweusi unatoka kirahisi kidogo, rangi kama njano na kijani zinasumbua. Sasa fanya hivyo kwenye kope, kwenye paji la uso, shingoni, na kwenye vifundo vya vidole ambako alikuwa kaandika neno la chuki herufi moja moja. Baadaye alibaki na kipandauso cha mara kwa mara na ikabidi akwepe jua.

Kwanini alijichora usoni? Si angeficha tu?

Hilo ndo lengo lenyewe, kutoficha. Ukishajichora uso umechoma daraja la kurudi kwenye maisha ya kawaida, hupati kazi, hupangishiwi nyumba, watu wanahama upande wa barabara, kwahiyo watu pekee wanaokukubali ni wale wa genge. Kuna tatuu nyingine kwenye hayo makundi hujichori kwa kupenda, unapewa ruhusa baada ya kufanya jambo fulani, na mara nyingi hilo jambo ni la damu. Kwahiyo mwenzako akikuangalia usoni anasoma ulichofanya, na polisi anasoma hivyohivyo.

Watu wanaingiaje kwenye haya makundi? Wanazaliwa na chuki?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na ndo sababu naitetea hii filamu hata pale inapoyumba.

Angalia vizuri ile sehemu ambapo Fred na Shareen, wale "wazazi", wanapokwenda kutafuta vijana. Hawaji na vitabu. Hawaji na hotuba ya rangi. Wanamkuta kijana wa mtaani, mchafu, ana njaa, wanamuuliza umekula lini mara ya mwisho. Wanampa chakula. Wanampa pa kulala. Vera Farmiga anamgusa kijana shavuni kama mama yake, anataka aitwe mama, na ukiangalia macho ya yule dogo unaona kabisa kwamba hapo hapo ameshanunuliwa na bado hajaambiwa hata neno moja kuhusu watu weusi au Wayahudi. Itikadi inakuja baadaye, ikishakuja anaipokea kwa sababu anayeisema ndiye aliyemlisha.

Watu waliotoka kwenye haya makundi wakisimulia, Marekani na Ulaya, wengi wanasema mambo yanayofanana na haya: nyumbani kulikuwa kubaya, shule ilinishinda, nilitaka mtu wa kunitetea, nikakuta watu wenye nguvu wakaniita ndugu. Chuki ilikuwa ada ya uanachama. Sisemi hivyo kuwasafisha, maana vijana wengi wanakaa na njaa na hawaendi kuchoma nyumba ya ibada ya mtu, na kwenye filamu hii msikiti unachomwa. Nasema hivyo kwa sababu kama unadhani wanaingia kwa hoja utapoteza muda wako wote kujibu hoja, na huku mwenzako anagawa chakula.

Skinhedi wote ni wabaguzi?

Hapana, na historia yake inashangaza. Skinhedi walianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa tabaka la wafanyakazi, na muziki waliokuwa wanacheza ni ska na rege ya Wajamaika waliohamia huko, mavazi pia waliiga kwa vijana wa Kijamaika. Baadaye kwenye miaka ya 1970 chama cha National Front, chama cha kibaguzi cha Uingereza, na wenzake wakaona hawa vijana wana hasira na hawana ajira, wakawaingilia, wakaanza kuwavuta. Mpaka leo wapo skinhedi wanaopinga ubaguzi na wanachukia kuchanganywa na Wanazi. Lakini Marekani jina lilishaharibika zaidi, na filamu hii inaonyesha upande huo tu.

Kwanini serikali ya Marekani isiwapige marufuku tu?

Kwa sababu katiba yao inalinda maneno hata yakiwa machafu. Kesi inayotajwa siku zote inatokea hukohuko Ohio: kiongozi wa Klan aliyeitwa Clarence Brandenburg alihukumiwa kwa hotuba yake, na mwaka 1969 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikatengua ikisema huwezi kumwadhibu mtu kwa maneno isipokuwa anachochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo na kuna uwezekano mkubwa utokee. Ujerumani ni tofauti kabisa, swastika tu hadharani inakupeleka mahakamani.

Kwahiyo Marekani watu wanapita njia nyingine, wanasubiri mtu apigwe au auawe halafu wanashtaki madai mpaka kundi linafilisika. Mwaka 1981 kijana mweusi Michael Donald aliuawa Mobile, Alabama, na watu wa United Klans of America. Mama yake Beulah Mae Donald akishirikiana na SPLC akalishtaki kundi zima, na mwaka 1987 baraza la mahakama likampa dola milioni 7. Kundi halikuwa na hizo hela, likaishia kukabidhi jengo la makao yake makuu huko Tuscaloosa kwa mama wa mtu liliyemuua. Na wale wenyeji wa Nordic Fest niliowataja juu, Imperial Klans of America, nao waliburuzwa mahakamani baada ya wanachama wao kumpiga kijana wa miaka 16 mwenye asili ya Panama kwenye maonyesho ya wilaya huko Kentucky mwaka 2006, na mwaka 2008 hukumu ikawa dola milioni 2.5. Yaani palepale ambapo Bryon na Julie walianza mapenzi, miaka mitatu baadaye wenyeji wao wanadaiwa mamilioni.

Filamu haiwapendezeshi hawa watu? Kamera inazipenda sana zile tatuu.

Hofu hii ni halali na mimi ninayo. Tatizo la filamu nyingi za aina hii ni kwamba muigizaji mzuri, mwili mzuri, muziki mzito, halafu vijana wa mrengo huohuo wanachukua vipande wanavitumia kujisifia. American History X ya 1998 ilipata shida hiyohiyo, kile kifua cha Edward Norton chenye swastika kimebandikwa kwenye kuta za watu ambao hawakuelewa filamu au hawakutaka kuielewa.

Skin inajikinga kiasi. Babs wa Jamie Bell hana hotuba tamu. Hana akili za kifalsafa, ni mtu anayenuka pombe, anayelala kwenye chumba kichafu, anayepiga watu halafu hajui afanye nini na mikono yake. Hakuna sehemu hata moja utakayotamani kuwa yeye. Na tofauti nyingine na American History X ni kwamba kule jamaa anabadilika gerezani akitoka ni mtu mpya mwenye maneno mazuri, humu hakuna siku ya kubadilika, kuna kuchoka, kuogopa, kupenda, kurudi nyuma, kupiga tena mtu, na kusonga kidogo. Naona hivi ndivyo ilivyo kweli.

Kwanini watu weusi hawaonekani sana kwenye filamu inayohusu ubaguzi dhidi yao?

Hili ndo kosa kubwa la Skin na sitalizunguka. Mwanzoni kabisa kuna kijana mweusi anajeruhiwa vibaya kwenye vurugu za maandamano Columbus, na baada ya pale kijana yule anakuwa sababu ya mambo kumtokea Babs, yeye mwenyewe hatumjui, hatuoni mama yake, hatuoni anavyojiangalia kwenye kioo. Masaa mawili tunakaa na uso wa aliyeumiza, unavyopona sentimita kwa sentimita, na uso wa aliyeumizwa unapita. Jenkins naye yupo kama mlango wa Babs kupitia. Mike Colter anaigiza vizuri sana, anakaa kimya kwa namna ya mtu aliyeona mengi, lakini filamu haituambii anarudi nyumbani kwa nani, amechoka kiasi gani.

Na Daryle Lamont Jenkins wa kweli ana stori ya kutosha filamu yake mwenyewe. Mwaka 2000 alianzisha One People's Project, na kazi yao ni kwenda kwenye mikutano ya hawa watu, kuwapiga picha, kuwatambua kwa majina na kuyaweka hadharani ili jirani na mwajiri wajue. Ni kazi ya hatari. Mtu wa namna hiyo akiamua pia kumsikiliza yule anayetaka kutoka, hiyo ni mizigo miwili kwa wakati mmoja, na anayeibeba ni yuleyule ambaye wanataka afe. Ndo maana kila mtu akiniambia "Widner jasiri sana" namjibu sawa, ila mtaje na Jenkins.

Kwahiyo tumsamehe?

Filamu haikuombi umsamehe na mimi sikuombi. Wa kusamehe au kukataa ni wale aliowapiga, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na kamera yoyote. Kinachoweza kupimwa ni alichofanya: alitoa taarifa alizokuwa nazo, alikaa kwenye kile kiti cha leza mara 25, aliishi kwa kujificha na familia kwa sababu wa zamani walikuwa wanamtafuta. Mtu anaweza kusema haitoshi na akawa sahihi. Ila kwa wale wanaosema bora angebaki tu kulekule alipe kwa dhambi zake, mimi nawauliza akibaki anayelipa ni nani, si wale wale anaowapiga kila wiki?

Kuna msaada wowote kwa wanaotaka kutoka, au ni bahati tu ya kupata mfadhili?

Upo lakini mdogo kuliko tatizo. Norway walianza mpango wa Exit mwaka 1997, Sweden wakafuata mwaka 1998, na Ujerumani EXIT-Deutschland ilianzishwa mwaka 2000 na Bernd Wagner, polisi wa zamani, pamoja na Ingo Hasselbach ambaye mwenyewe alikuwa kiongozi wa Wanazi mamboleo. Hawa Wajerumani waliwahi kufanya kitu kimoja cha akili sana, mwaka 2011 waligawa fulana kwenye tamasha la muziki la Wanazi huko Gera, fulana zina fuvu na maneno ya kiitikadi, vijana wakafurahi wakabeba. Walipofika nyumbani wakazifua, ile chapa ikatoka na chini yake kukawa na ujumbe kwamba kama fulana yako imeweza na wewe unaweza, tutakusaidia kutoka. Ujumbe ukamfikia kijana yupo peke yake nyumbani, bila genge kumwangalia.

Marekani kuna Life After Hate, waanzilishi wake ni watu waliotoka humohumo. Januari 2017 serikali ya Obama ikiwa inaondoka iliwapangia dola 400,000, na Juni mwaka huohuo serikali mpya ya Trump ikaziondoa. Miezi miwili baadaye, Agosti, yakatokea maandamano ya wabaguzi weupe huko Charlottesville, Virginia, ambako Heather Heyer aliuawa kwa kugongwa na gari la mbaguzi. Skin ilionyeshwa Toronto mwaka mmoja tu baada ya hapo, na ndo maana watu waliokuwa ukumbini hawakuiangalia kama historia.

Naweza kuangalia na watoto?

Hapana. Marekani imepewa alama ya R, kuna vipigo vya kutisha, matusi mwanzo mwisho, ngono kiasi, na madawa kidogo. Kijana wa miaka 16 au 17 hivi anaweza kuiangalia mkiwa pamoja na mkizungumza baadaye. Kama umewahi kupigwa au kuishi na mtu mwenye hasira ndani ya nyumba, jiandae, kuna sehemu za nyumbani kwa Julie ambazo hazina ngumi hata moja na ndizo zinazotisha zaidi.

Mabinti wa Julie wana umuhimu gani? Wanaimba tu.

Wana umuhimu mkubwa. Mara ya kwanza tunawaona wanapanda jukwaani kuimba kwenye mkusanyiko wa genge, watoto watatu mbele ya walevi wenye bendera, na mama yao amesimama pembeni ameshika mkoba anahesabu dakika za kuondoka. Babs anamshughulikia mtu anayewazomea. Hapo Julie anaona vitu viwili kwa pamoja, mwanaume anayewatetea wanawe na mwanaume anayejua kutetea kwa kupiga tu. Mzigo wake kwenye filamu nzima ni huo, na Danielle Macdonald anaubeba bila kelele. Anampa masharti mapema kabisa, ukitaka kukaa na sisi yale mambo yaache. Hafanyi mahubiri, anawaangalia wanawe tu.

Nianze na ipi kama nina muda mchache?

Anza na fupi, dakika 20, lakini ujue ni kali na ni ya kutunga. Siku nyingine angalia ndefu, usiku mmoja bila kukatakata, maana vile vipande vya leza ukivikatisha havina nguvu. Halafu malizia na Erasing Hate ili umsikie Widner na Julie wa kweli wakiongea wenyewe, na humo sikiliza zaidi Julie anavyoeleza jinsi alivyomtafuta Jenkins.